Jezi Namba Kumi na Nne

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, "alitudanganya," lakini Davis alikuwa amelisoma mara nyingi hata karatasi ikaanza kulegea penye mkunjo. Ililetwa na posta siku ya Jumatano: rasimu ya kijitabu cha kuadhimisha miaka mitano ya ligi ya mpira wa kikapu ya Waafrika Mashariki wa Minneapolis na Saint Paul. Ukurasa wa saba wote ulikuwa wake. Juu palikuwa na picha yake akiwa amedondosha mpira, na chini yake maneno makubwa: "Chaguo la Kwanza Lililotuponza." Mwandishi alikuwa Maurice. Angekuwa nani mwingine?

"Achana nao, Baba Brightness," alisema mkewe Dinah, akimfunga mtoto kofia kabla ya kumpeleka kwa jirani. "Watu wanacheka, halafu wanasahau."

"Wangekuwa wa kusahau wangeshasahau. Miaka mitano, Mama Brightness! Miaka mitano!"

Kuchekwa alikwisha kuzoea. Walimcheka kwenye harusi yake mwenyewe, wakamcheka kwenye ubatizo wa mwanawe. Kila alipoingia mahali penye watu wa nyumbani, lazima mtu mmoja akohoe na kutangaza kwa sauti nene, "Na chaguo la kwanza ni...", kisha wote wavunjike mbavu kana kwamba hawajawahi kulisikia. Hilo alilimeza. Lakini mwongo? Davis alikuwa mtunza stoo katika hospitali moja ya Coon Rapids, na kabla ya kuja Marekani kusoma alikuwa mtunza stoo Mwanza. Maisha yake yote amekabidhiwa funguo na watu wasiomjua vizuri, kwa sababu moja tu: akisema katoni ziko arobaini, ziko arobaini. Mtunza stoo anaweza kuwa mkorofi, anaweza kuvaa ovyo, anaweza hata kuchelewa kazini. Akishaitwa mwongo, amekwisha.

Na kijitabu hicho kilikuwa kipigwe chapa Jumatatu, nakala mia tatu, nyingine zipelekwe Kenya na Tanzania. Mama yake angesomewa ukurasa wa saba akiwa kwake Mwanza, na nani angekuwapo kumweleza kwamba huo ni mzaha wa akina Maurice?

Kwa hiyo Jumamosi hiyo ya Februari 1998, mchana, wakaingia kwenye Corolla yao wakashika njia ya Columbia Heights, ambako mkutano mkuu wa ligi ulifanyika katika ukumbi wa chini wa kanisa. Davis aliendesha sura ameikunja, magoti yakigusa usukani kama kawaida yake, na njia nzima midomo ilikuwa ikimcheza. Alikuwa anapanga maneno. Dinah hakumkatiza. Hotuba hiyo aliijua tangu wakiwa wachumba, na kiini chake hakikuwahi kubadilika: nilisema mara tatu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka 1993 wanafunzi wa Afrika Mashariki katika vyuo vya hapa walikuwa wameongezeka kiasi cha kutosha timu sita. Maurice, Mkenya mwenye ulimi mrefu na miguu mifupi, ndiye aliyesema waache kugawana wachezaji kwa nchi na kwa makabila. Wafanye kama Wamarekani kwenye televisheni: manahodha wakae mbele, wapige kura ya vikaratasi kujua zamu, kisha kila mmoja amteue mtu wake kwa jina mpaka wachezaji waishe. Watu wakalipenda wazo hilo. Maurice akachomoa kikaratasi cha zamu ya kwanza, na tangu hapo mabega hayakumshuka.

Wiki moja kabla ya hapo alikuwa ameingia chumbani kwa Davis kuazima sufuria, akaona picha ukutani. Ilikuwa timu ya kiwanda cha nguo cha Mwanza, mabingwa wa mkoa, wamepangwa mistari miwili. Na pale nyuma, katikati, futi sita na inchi nane, alisimama Davis ndani ya jezi namba kumi na nne. Maurice alitoka na sufuria, na siri ambayo hakumwambia mtu.

Sasa picha hiyo. Davis alikuwa mtunza stoo wa kiwanda, na mtunza vifaa wa ile timu kwa miaka saba: mipira, jezi, maji, pampu. Siku ya kupigwa picha, mwenye namba kumi na nne, aliyeitwa Alfred, alikuwa kitandani na malaria, na mpiga picha akalalamika kwamba mstari wa nyuma una pengo. Kocha akamtazama Davis toka unyayo hadi utosi, akasema, "Vaa hiyo, simama pale." Akavaa, akasimama. Dakika kumi baadaye akaivua, akaikunja, akairudisha sandukuni. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake yote ya uchezaji.

Na hakuficha! Hapo ndipo damu ilipomchemka kila alipokumbuka. Siku ya uteuzi Maurice aliposimama na kulitaja jina lake, la kwanza kabisa kati ya watu hamsini na wanne, Davis alisimama akasema, "Ndugu zangu, mimi sijui kucheza. Nilikuwa natunza stoo tu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko cha furaha. Wakenya, ambao ndio walikuwa wengi humo, walikuwa wamekaa na Watanzania mwaka mzima na wakajiona wameshaisoma adabu yao. Mkaribishe Mtanzania chakula, atakuambia ameshiba huku tumbo linanguruma. Mwombe aimbe, atasema koo limekauka, kisha ataimba mpaka watu wasimame. Kwa hiyo huyu anayesema hajui kucheza, lazima ni hatari! "Ona heshima," akanong'ona mtu. Davis akarudia kwa sauti zaidi. Wakapiga makofi. Akasema mara ya tatu, karibu alie, na nahodha wa zamu ya pili akashika kichwa kwa uchungu wa kumkosa mchezaji wa namna ile. Kila alivyokana ndivyo bei yake ilivyopanda. Mwenyekiti akamwambia akae, na baada ya hapo, kwa kumbukumbu zake, alikaa.

Yaliyofuata yanajulikana mpaka Rochester, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Mechi tano, pointi nne, na mbili kati ya hizo mpira ulimgonga kisogoni ukaingia wenyewe. Katika mechi ya nne mpira ulitoka nje ukabingirika hadi chini ya viti, na Davis, kwa mazoea ya miaka saba, akaufuata mbio, akaufuta vumbi kwa jezi yake, akaubonyeza kwa kidole gumba kuona kama una upepo, kisha akamkabidhi refa kwa mikono miwili. Watu walicheka mpaka mchezo ukasimama. Yule nahodha wa pili, baada ya kumkosa Davis, alikuwa amemchukua kijana mfupi mkimya aitwaye Zadock, ambaye alimaliza ligi akiwa mfungaji bora, na hadi leo ana nyumba Champlin yenye rafu nzima ya vikombe. Timu ya Maurice ilishika mkia. Na Maurice, badala ya kusema "nilikosea," neno fupi tu ambalo halimuui mtu, akatafuta wa kumbebesha.

Walipofika, ukumbi ulikuwa umeshajaa. Makoti yalirundikwa juu ya piano, birika mbili kubwa za chai zilikuwa mezani, na maandazi yalikuwa yamebaki machache. Mbele aliketi mwenyekiti, Enock, na pembeni yake Nkatha, katibu. Nkatha alikuwa muuguzi, mwanamke wa Meru asiye na maneno mengi, na ukatibu alikuwa nao tangu kikao cha kwanza. Aliandika kila kitu. Walimtania kwamba mtu akipiga chafya kikaoni, chafya hiyo imo kwenye muhtasari. Siku hiyo alikuwa na kaunta buku zote tano za ligi mbele yake, kwa sababu ya historia ya kijitabu.

"Number one pick!" mtu akaita kutoka nyuma.

Wakacheka. Davis akakaa bila kuvua koti.

Ajenda ya tatu ndiyo ilikuwa kijitabu. Enock aliuliza kama kuna mwenye neno, na kabla Davis hajainua mkono, Maurice alikuwa ameshasimama.

"Wasee, nimesikia kuna mtu hafurahii page seven," akasema, akitabasamu. "Lakini tuseme ukweli. Hiyo ndiyo page itauza hii book. Ukiitoa, unabaki na results tu, na hakuna mtu atasoma results."

Davis akasimama. Akisimama Davis, watu hawana budi kuinua shingo.

"Mwenyekiti, anicheke anayetaka. Andikeni pointi nne. Andikeni mpira ulinigonga kichwani. Ni kweli, siwezi kukataa. Lakini hapa pameandikwa kwamba niliwadanganya. Nauliza, nilimdanganya nani? Siku gani? Kwa maneno gani?"

"Si ulikuwa umeweka picha kwa wall, kaka," Maurice akasema. "Umevaa jersey, umesimama na team. Mimi ningejuaje?"

"Ungejua kwa sababu nilikuambia! Nilisimama mbele ya watu wote nikasema mara tatu kwamba sijui kucheza!"

"Mara tatu." Maurice akawageukia watu, mikono ameifungua. "Aki mimi sikumbuki hiyo. Kuna mtu anakumbuka?"

Hakuna aliyekumbuka. Watu wakatazama vikombe vyao. Davis aliwapitia kwa macho mmoja mmoja, na hasira ikampanda hadi masikioni. Yule pale alilala kwake wiki nzima gari lilipomharibikia katikati ya baridi. Yule mwingine alifundishwa naye kuendesha gari. Nusu ya watu waliomo humu walikuwapo siku ile, walicheka kwa vinywa vyao, walipiga makofi kwa viganja vyao, na leo wote wamepoteza kumbukumbu kwa pamoja, chai ndiyo wanaikumbuka. Wangekuwa wamesahau yote, afadhali. Lakini mpira wa kisogoni wanaukumbuka hadi rangi yake!

"Dada Nkatha," akasema. "Muhtasari wa siku ile, unao?"

Muhtasari wa siku ile haukuwahi kusomwa. Kikao kilichofuata kilikuwa na pilau, na mtu mmoja akapendekeza upite kama ulivyo, ukapita, watu wakaenda kupanga foleni. Kwa miaka mitano ulikuwa umelala kwenye kaunta buku ya kwanza, na Davis hakuwahi kuuomba kwa sababu hakuwahi kudhani ipo siku atahitaji shahidi kwa jambo lililoshuhudiwa na watu wote.

Nkatha aliivuta kaunta buku, akafungua, akafuatisha mistari kwa kidole. Kidole kilifika chini ya ukurasa, kikasimama, kikarudi juu. Kisha akasoma kwa sauti ileile aliyosomea ajenda.

"Ajenda ya nne, uteuzi wa wachezaji. Ndugu Maurice, mwenye zamu ya kwanza, alimteua Ndugu Davis. Ndugu Davis alisimama na kusema kwamba hajui kucheza, kwamba alikuwa mtunza stoo. Wajumbe walicheka. Ndugu Davis alirudia kwamba hajui kucheza. Wajumbe walipiga makofi. Ndugu Davis alirudia mara ya tatu. Mwenyekiti alimwomba akae kwa kuwa muda ulikuwa unakwenda."

Dinah alishika mdomo kwa mkono, macho yamejaa machozi. Miaka yote hiyo alikuwa amemwamini mumewe kwa neno lake tu, na sasa neno lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa wino.

"Maurice?" Enock akaita.

"Sawa, sawa," Maurice akasema. "Tutoe hiyo neno. Pole, kaka." Aliisema kama mtu anayeomba kupishwa mlangoni, akakaa.

Hapo Davis angekaa pia. Alikuwa ameshinda, neno limetolewa, mama yake hatasomewa kitu. Lakini hasira ya miaka mitano haitulizwi na pole ya namna hiyo, na mtu aliyedhulumiwa akishapata haki yake kidogo, huitaka yote.

"Haitoshi," akasema. "Nataka muhtasari huo uchapishwe mahali pa makala ya Maurice. Ukurasa wa saba, wote, neno kwa neno, kila mtu asome alivyocheka."

"Kaka Davis," Nkatha akasema polepole. "Hiyo imetosha."

"Haijatosha!"

"Imetosha. Niamini."

Alikuwa ameweka kiganja juu ya sehemu ya chini ya ukurasa. Davis alikiona kiganja hicho. Mtunza stoo anajua maana ya mkono unaowekwa juu ya kitu. Akapita kati ya viti hadi mbele, akanyoosha mkono, na Nkatha akamwachia kaunta buku bila kumtazama usoni.

Chini ya kiganja palikuwa na mistari miwili.

Aliisoma kimya, na siku ile yote ikamrudia, pamoja na kile kipande alichokuwa amekiacha nje. Aliona tena mikono ile ikimpigia makofi. Hakuwa amewahi kupigiwa makofi. Miaka saba aliwabebea watu maji, akawakunjia jezi, akasimama ukutani wakishangiliwa, na hakuna mtu hata siku moja aliyemwita mbele. Kisha Maurice, kalamu mkononi, macho yanang'aa, alimsogelea akauliza, "Namba gani, champion?" Naye akajibu. Alijibu haraka, wala hakulazimishwa.

Angeweza kujitetea hata sasa. Jezi ile aliivaa kweli, picha ipo. Alikuwa ameizoea kweli, maana aliikunja kila wiki kwa miaka saba. Hakuna neno hata moja ambalo lingekamatwa. Lakini hesabu za namna hiyo alizijua: katoni arobaini, moja ndani yake hakuna kitu, na bado unaweza kusaini kwamba katoni ziko arobaini. Kule Mwanza alishawahi kuona mwenzake akifukuzwa kazi kwa saini ya namna hiyo, na yeye Davis alisema kafukuzwa kwa haki.

Akainua macho. Dinah alikuwa anamtazama na tabasamu ambalo hakuliona tangu siku ya harusi. Maurice alikuwa anachezea funguo za gari. Nkatha alitikisa kichwa kidogo sana: usisome.

Davis akasoma.

"Ndugu Davis alishukuru. Alipoulizwa namba ya jezi, aliomba kumi na nne, akisema ndiyo namba yake aliyoizoea Mwanza."

Funguo za Maurice zilinyamaza. Tabasamu la Dinah lilibaki pale lilipokuwa kwa muda kidogo, kisha likaondoka. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Haikuwa namba yangu," Davis akasema. "Ilikuwa ya mtu anaitwa Alfred. Mimi niliivaa dakika kumi."

Enock akakohoa. "Sasa, ndugu, tufanyeje? Neno tulitoe au tuliache?"

Davis akaifunga kaunta buku. Hasira yake haikuwa imekwisha. Ilikuwa palepale, ila sasa iliwaelekea watu wote, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

"Liacheni," akasema. "Lakini liandikwe lote. Niliwaambia ukweli mara tatu, mkacheka. Niliwadanganya mara moja, mkaniamini papo hapo, mkanipa na jezi. Andikeni hivyo hivyo, ukurasa wa saba. Na jina langu liwe pale pale juu."

Akamrudishia Nkatha kaunta buku, akaenda zake kwenye kiti. Njia ya kurudi kitini ilikuwa ndefu. Dinah alikuwa ameweka koti na mkoba wake kwenye kiti hicho. Alimwacha asimame kidogo, kisha akavihamishia mapajani.

Nkatha alikuwa ameshafungua kaunta buku ya mwaka huo. Aliandika maneno ya Davis yote, taratibu, kalamu ikisikika ukumbi mzima. Alipofika mwisho akainua kichwa, kama alivyofanya siku zote, kuangalia wajumbe wamepokeaje. Akatazama safu ya mbele, akatazama ya nyuma, akamtazama Maurice kwa muda. Kisha akainama akaandika kwamba wajumbe hawakucheka.